Eti "hujaizoea": bia ya ngano ya Paje iliyonipandisha presha

Nyota moja, na hiyo nawapa kwa sababu ya bahari, ambayo hawakuitengeneza wao.

Kuna baa pale ufukweni Paje, Unguja, jina lake nalihifadhi, imeweka ubao barabarani kwamba inauza bia za krafti za bomba kutoka kiwanda kidogo cha bara. Sisi tuliokuwa Unguja mwanzoni mwa 2024, vibali vya kuingiza pombe vilipohamishiwa kampuni nyingine, bia zikaadimika, bei ikaruka na Waziri wa Utalii akajiuzulu wakati huohuo, tukiona mabomba yamepangwa kaunta hatupiti hivihivi. Nilikuwa nimemaliza kazi ya friji kwenye hoteli ya jirani, hela ya fundi iko mfukoni, Ramadhani haijaingia. Nikaketi. Nikaagiza bia ya ngano, ile ya mtindo wa Kijerumani.

Ikaja haina povu. Bia ya ngano, ambayo povu lake linatakiwa lisimame juu ya glasi kama kofia, imekuja imelala kama chai ya jana. Nikainusa, siki. Nikaonja, siki tena, na nyuma yake ladha ya siagi iliyochacha. Halafu ya moto, yaani haijaonja friji. Ya moto tunaijua, mtu anaomba mwenyewe, "nipe Safari ya moto", ile bia yetu ya kiwandani, na hana neno. Hii nilikuwa sikuiomba.

Nikamwita kaka wa kaunta, kwa adabu kabisa. "Kaka, samahani, hii bia imeharibika."

Hakuionja. Hata kuinusa hakuinusa. Aliniangalia kuanzia kandambili hadi kofia yenye vumbi, akasema: "Hii siyo Safari, braza. Hii ya wageni. Hujaizoea tu." Akageuka, kitambaa begani, akaenda kuwachekea wengine.

Hujaizoea! Mimi wa Kibosho, Kilimanjaro! Nimekua naona bibi akichemsha ndizi, akianika ulezi uliooteshwa, akitia msesewe ili uchungu ukae sawa. Huo ulezi ulioota ndio kimea chetu, na gome la msesewe linafanya kazi ileile ya hopsi, yale maua machungu ya bia za Wazungu. Mtu aliyekunywa mbege, hiyo pombe yetu ya ndizi na ulezi, anajua uchachu wa kinywaji kilichoiva na uchachu wa kinywaji kilichokufa. Wa kwanza unakuita urudie. Wa pili unakuonya. Hili halihitaji pasipoti.

Nikainuka, nikachungulia nyuma ya kaunta, maana macho ya fundi hayatulii. Pipa liko sakafuni, nje ya friji, limefunikwa gunia lililolowa. Mpira wa kupitishia bia umeota utando ndani, rangi ya chai ya rangi, na pale unapoingia kwenye bomba kuna ukoko mweupe ambao ungeweza kuukwangua kwa ukucha. Basi, kesi imekwisha. Bia ya namna hii mara nyingi haichujwi wala kupashwa moto kuua vijidudu kama ya viwanda vikubwa. Hamira imo bado, hai, kwa hiyo ikikosa baridi inaharibika. Na ule mpira unatakiwa uoshwe kwa dawa kila baada ya wiki mbili hivi, la sivyo bakteria wanafanya makazi humo na kukuletea hiyo siki na hiyo siagi. Mpishi wa bia kule bara hana kosa hapa. Kazi yake imeuliwa mita mbili kabla ya kufika kwa mnywaji.

Lakini subiri, kuna la pili. Meza ya pembeni walikaa wageni wawili, na kaka yuleyule akawaeleza kwa tabasamu kwamba bia hii inanukia karafuu kwa sababu imetiwa karafuu za Pemba. Muongo! Bia za ngano za Bavaria, kule Ujerumani, zinanukia karafuu na hazijawahi kuona hata kikonyo chake. Sheria yao ya bia ya mwaka 1516 ilitaja maji, shayiri na hopsi, karafuu haimo. Ile harufu ya karafuu na ndizi mbivu inazalishwa na hamira yenyewe inapofanya kazi. Wapemba wanahangaika na karafuu zao juani, wewe unazigawa bure kwenye bia ambayo hazimo.

Ningeondoka pale, na maoni haya yangeishia kwenye nyota moja. Ila jioni zamu ikabadilika, akaingia dada mmoja, akaiona glasi yangu imejaa vilevile. Akainusa yeye mwenyewe. "Pole kaka, hii haifai." Hakuniuliza natoka wapi. Akatoa pipa jingine ndani ya friji, akavua ule mpira, akafunga mwingine mfupi uliokuwa umening'inizwa jikoni, akamwaga glasi ya kwanza yote kwenye sinki, ya pili akainamisha taratibu mpaka povu likapanda.

Jamani. Ile bia! Baridi ya kutosha kutoa jasho kwenye glasi, ukungu wa ngano ndani yake, harufu ya karafuu inatangulia kisha ndizi iliyoiva sana, ile ya kukaribia kuwa nyeusi. Nikamkumbuka bibi, ndizi zake na vibuyu vyake. Nikasema moyoni nyota nne, tano hata, na nikaanza kupanga kuja na wenzangu wa Mwanakwerekwe mwisho wa mwezi.

Ikaja bili. Wameandika mbili. Ile ya siki imo, bei kamili, na juu yake asilimia ya huduma. Huduma! Dada akaenda kunisemea kwa meneja, akarudi ameinamisha macho. Jibu la meneja: glasi ikishamiminwa imeuzwa.

Nimelipa. Bakshishi nimempa dada mkononi, si kwenye kopo la kaunta. Bia, nne. Baa, sifuri. Mkienda, nendeni baada ya magharibi, na kabla ya kuagiza ulizeni pipa limelala wapi.