Kozi ya mateka wa vita, Upanga: Jumamosi ya kwanza imeshiba, ya pili imekatwa njiani

Kwa anayeuliza kama kozi hii ya jinsi ya kumtendea mateka wa vita, inayoendeshwa na wanajeshi wastaafu, inastahili ada ya shilingi 60,000, jibu ni ndiyo, hasa kwa sababu ya siku ya kwanza. Ada inalipia Jumamosi mbili, saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, pamoja na kitini, chai ya saa 4 na wali wa mchana. Ukumbi uko Upanga, una feni za kutosha, na uani kuna nafasi ya mazoezi ya vitendo. Wanaohudhuria ni mchanganyiko: wastaafu wa JWTZ, mgambo, walinzi wa makampuni binafsi, wanafunzi wa sheria na waandishi wa habari wachache. Wakufunzi wote ni wastaafu, kwa hiyo utasikia "afande" na "mzee" kutwa nzima.

Mada ni moja: mtu aliyekuwa anakupiga risasi akainua mikono, sasa yuko mikononi mwako, unamfanyia nini? Mjini tumezoea mihadhara inayotaja haki bila kusema mkono ushike wapi. Hapa wanaanza na mkono.

Hatua zinafundishwa kwa mpangilio unaotumika katika majeshi mengi: pekua, nyamazisha, tenganisha, linda, wahisha nyuma ya mstari wa mapigano. Kupekua ni kazi ya watu wawili. Mmoja anapekua, mwenzake anasimama pembeni na silaha, kamwe si nyuma ya mpekuaji, maana mtutu utaelekea mgongo wa mwenzake. Hili linarudiwa mpaka mwili ulizoee, na ni haki lirudiwe. Kisha linakuja kosa ambalo karibu kila kundi hulifanya: mateka anavuliwa kila kitu. Kifungu cha 18 cha Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, unaohusu mateka wa vita, kinasema silaha, vifaa vya kijeshi na nyaraka za kijeshi vichukuliwe, lakini nguo, vyombo vya kulia, alama za cheo, nishani na vitu vyenye thamani ya moyoni vibaki kwake. Hata kofia ya chuma na barakoa ya gesi anabaki navyo, kwa sababu makombora ya upande wake yanaweza kuwa bado yanaanguka njiani. Fedha haziguswi ila kwa amri ya ofisa, na ziandikwe kwenye daftari na stakabadhi yenye jina, cheo na kikosi cha anayechukua, kwa mwandiko unaosomeka. Wakufunzi wanakagua stakabadhi moja moja, na yenye sahihi ya mchoro tu bila jina inarudishwa. Wana haki ya kuwa wakali hapo: kupora mateka huanzia kwenye stakabadhi isiyosomeka.

Sehemu ya pingu za plastiki ndiyo bora kuliko zote. Mkanda ule ukikazwa kwenye kifundo unabana mshipa wa fahamu unaopita upande wa kidole gumba. Dalili ya kwanza ni ganzi nyuma ya gumba na mgongo wa kiganja, na ganzi hiyo inaweza kudumu wiki kadhaa baada ya pingu kutolewa. Wanafundisha kuacha nafasi ya kidole cha shahada kuingia kati ya mkanda na ngozi, kisha kubonyeza ukucha mpaka uwe mweupe na kuuachia. Wekundu usiporudi ndani ya sekunde 2 hivi, mkanda umebana damu. Ukaguzi unarudiwa kila baada ya dakika 15, kwa kuwa mkono huvimba kwenye joto na mkanda wa plastiki haulegei wenyewe. Kukata ni kwa mkasi maalumu wenye ncha butu, si kisu. Na aliyefungwa mikono nyuma halazwi kifudifudi, wala hakaliwi mgongoni, kwa sababu kifua kinakosa nafasi ya kupanuka na mtu anaweza kufa bila kupigwa hata kofi moja.

Kufunga macho kunaruhusiwa pale tu mateka asipotakiwa kuona ngome au zana, na ni kwa kitambaa chembamba kinachoacha pua na mdomo wazi. Gunia kichwani ni marufuku. Mfano wanaoutumia ni wa Uingereza, na unafaa sana: mwaka 1972 serikali ya nchi hiyo ilipiga marufuku mbinu 5 za kuwahoji watu zilizotumika Ireland ya Kaskazini, yaani kusimamishwa ukutani kwa saa nyingi, kufunikwa kichwa, kelele, kunyimwa usingizi, na kunyimwa chakula na maji. Septemba 2003, huko Basra, raia wa Iraki aitwaye Baha Mousa alifia mikononi mwa askari wa Uingereza akiwa na majeraha 93 mwilini, na kufunikwa kichwa kulikuwemo. Ripoti ya uchunguzi ilitoka 2011 na ikaonyesha kwamba katazo la 1972 lilikuwa limepotea kwenye maelekezo na mafunzo. Mkufunzi anaacha hapo na kuuliza darasa: katazo kama hilo, kwenye kikosi chako, lingekuwa limeandikwa ukurasa gani? Swali hilo ni uhalali tosha wa kozi nzima.

Kadi ya mateka inafuata mtindo wa Marekani wa vipande vitatu: kimoja kwa mateka, kimoja kinabaki na kikosi kilichomkamata, cha tatu kinafungwa kwenye vitu vyake. Zinaandikwa tarehe na saa, mahali kwa namba za ramani, kikosi kilichomkamata, na mazingira ya kukamatwa. Kasoro iko kwenye vifaa. Kadi za mazoezi zimechapwa kwenye karatasi ya kawaida, na kwa jasho la Dar kipande cha mateka kilichofungwa tunduni mwa kifungo cha shati hakifiki mchana. Manila ingetosha, na kalamu ya risasi au biki ya kawaida badala ya kalamu za wino wa maji zinazogawiwa mlangoni. Kipande kikichanika, mtu huyo anafika nyuma akiwa hana alikokamatwa wala aliyemkamata, na hapo ndipo watu hupotea.

Kitini nacho kina kosa linalopaswa kurekebishwa mara moja. Kinasema mateka anawajibika kutoa jina, cheo na namba. Kifungu cha 17 cha mkataba ule wa Geneva kinataja pia tarehe ya kuzaliwa. Kingine chochote akikataa kusema, hateswi, hatishwi, hatukanwi wala hanyimwi kitu kwa kukataa.

Mjadala wa maoni ya wastaafu unaendeshwa kwa ujasiri. Wapo wanaosema wazi kwamba aliyeua wenzako kisha akainua mikono anastahili walau kibano kidogo, na hawanyamazishwi. Wanajibiwa kikazi. Adui akijua kwamba kusalimu amri ni kufa, atapigana mpaka risasi ya mwisho, na gharama yake utailipa wewe. Aliyepigwa husema lolote ili kipigo kikome, kisha ofisa wa upelelezi anatuma platuni kwenye kijiji ambacho hakina kitu. Na wenzako waliotekwa upande wa pili wanaishi kwa sifa mnayoijenga huku. Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 vinaingia hapa kwa jambo moja ambalo vijana wengi hawalijui: Tanzania, Uganda na Libya zote zilikuwa tayari ndani ya Mikataba ya Geneva, Tanganyika ikiwa imejiunga 1962 na Uganda 1964. Askari wa kila upande alikuwa na haki ya kufanyiwa haya yote.

Kutoka nje, mifano imechaguliwa vizuri. Sherwood Moran, meja wa kikosi cha wanamaji (Marines) cha Marekani aliyewahi kuwa mmisionari Japani, aliandika waraka mwaka 1943 akiwashauri wahojaji wajue lugha ya mateka na wamtendee kama binadamu mwenzao. Wastaafu waliowahoji Wajerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia huko Fort Hunt, Virginia, Marekani, walipokutana 2007 walisema kazi yao ilifanyika kwa mazungumzo na michezo ya sataranji, si kwa mateso. John McCain, seneta wa Marekani aliyekuwa mateka Vietnam kuanzia 1967 hadi 1973 na akateswa huko, ndiye aliyesimamia sheria ya 2005 iliyowabana wahojaji wa jeshi lake kufuata mwongozo ulioandikwa. Na Colin Powell, jenerali mstaafu, alimwandikia McCain barua mwaka 2006 akipinga Kifungu cha 3 cha Mikataba ya Geneva, kinachokataza mateso na udhalilishaji, kupewa tafsiri mpya. Hao si watu wa kuambiwa hawajui vita.

Simu zinatajwa, ila kwa haraka mno. Kifungu cha 13 kinamlinda mateka dhidi ya matusi na dhidi ya kufanywa kitu cha kutazamwa na umma. Picha ya mateka aliyepiga magoti ikiwekwa status ya WhatsApp ni uvunjaji wa kifungu hicho, na ndiyo aina ya uvunjaji ambayo askari wa leo anaweza kuifanya kabla hata hajafungua chupa ya maji. Ilistahili saa nzima.

Jumamosi ya pili inaanza na maisha ya kambini, na hakuna la kulalamikia: vipimo vya afya na uzito walau mara moja kwa mwezi, barua 2 na kadi 4 kwa mwezi kama kiwango cha chini, mkataba wenyewe kubandikwa kambini kwa lugha ya mateka. Kifungu kinachowashangaza wengi ni cha kutoroka. Anayejaribu akakamatwa anapewa adhabu ya kinidhamu tu, isiyozidi siku 30. Aliyefaulu kufika kwao, akitekwa tena baadaye, haadhibiwi kwa kule kutoroka.

Baada ya hapo kozi inaanza kukimbia. Wapiganaji wasio wa jeshi la nchi yoyote wanapewa nusu saa, wakati hao ndio askari wetu waliokutana nao mashariki mwa Kongo tangu 2013. Kifungu cha 3 kinachofanana katika mikataba yote minne kinawahusu moja kwa moja: hakuna kuua, kukata viungo wala kutesa, hakuna kushika watu rehani, hakuna kudhalilisha utu, hakuna hukumu bila mahakama halali. Nusu saa haitoshi kufanya hata zoezi moja. Upekuzi wa wanawake nao unaelezwa kwa mdomo tu, kwa sababu hakuna mkufunzi mwanamke. Waandaaji watafute hata mmoja. Askari wanawake wastaafu wapo.

Uhuru wa raia unakuja saa 8 mchana, watu wameshiba na wamechoka. Mkufunzi anaujua vizuri. Anaonyesha kwamba Ibara ya 31 ya Katiba, inayoruhusu hatua kali wakati wa hali ya hatari, inataja Ibara ya 14 na ya 15 tu, yaani haki ya kuishi na uhuru wa mtu binafsi. Katazo la kutesa na kudhalilisha, lililoko Ibara ya 13(6)(e), halimo kwenye orodha hiyo. Anagusa Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962. Anagusa Marekani ya 1942, ambako watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani walihamishwa na kufungiwa makambini, huku vijana wao wakijitolea kutoka makambi yale yale kwenda kupigana Ulaya katika Rejimenti ya 442. Nchi iliomba radhi 1988 na kumlipa kila aliyekuwa bado hai dola 20,000. Kisha saa inaisha.

Hapa ndipo kozi inapowaangusha walipaji wake wengi. Mstaafu wa Dar leo hakamati askari wa adui. Analinda geti Masaki au ghala Vingunguti, na anayeletwa mbele yake ni kibaka aliyefukuzwa na umati. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa raia uwezo wa kukamata, lakini inamtaka amkabidhi mtu huyo kwa polisi bila kuchelewa. Akifika polisi, muda wa msingi wa kuhojiwa ni saa 4, na kuuongeza kuna utaratibu wake. Haya yalipaswa kufanyiwa mazoezi uani kama pingu zilivyofanyiwa: kumwondoa mtu kwenye umati bila kumgeuza ngao, kumpekua kwa watu wawili, kuandika saa na mahali, kuorodhesha vitu vyake, kumpa maji, kumzuia mtu wa bodaboda asimpige picha usoni. Hatua ni zile zile za Jumamosi ya kwanza. Mwanafunzi mwerevu ataziunganisha mwenyewe. Mlinzi aliyetoka zamu ya usiku hataziunganisha.

Ukienda, beba kalamu ya risasi, daftari gumu na shati lenye vifungo. Keti mbele siku ya pingu, na mwambie mkufunzi ajaribu mkanda mkononi mwako, uusikie unavyobana. Kwenye kitini ongeza tarehe ya kuzaliwa kwa mkono. Makampuni ya ulinzi yanayopeleka walinzi kwa mkupuo yaombe kabla ya kulipa kwamba somo la raia lihamishiwe asubuhi ya Jumamosi ya pili na lipewe zoezi la vitendo; kwa kundi la watu 20, hilo ni ombi ambalo waandaaji hawatalikataa kirahisi.