Picha ya Tingatinga ya Msasani: gazeti limebaki juu ya samaki taa

Nimekasirika na sifichi. Picha ya samaki niliyonunua majuzi kwenye duka moja la Msasani, Dar es Salaam, imeharibika kabla haijafika ukutani, na aliyeiharibu si aliyeichora, ni aliyeifunga.

Rangi ya Tingatinga ni ya mafuta, ile inayong'aa. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, aliyeanzisha mtindo huu wa uchoraji, alichora juu ya ubao mgumu; hizi za kubeba hupakwa kwenye kitambaa, na hapo ndipo tabu inapoanza. Rangi hukauka juu kwanza, ikafanya utando, chini bado laini. Nukta nene huchelewa kuliko kitu kingine chochote, na masika ikiingia unaongeza siku. Kijana wa dukani aliing'oa kwenye fremu, akalaza gazeti juu ya rangi, akaviringisha rangi ikiwa ndani, akabana kwa mipira miwili. Nikamwambia bado inanata. "Dada, kwani wewe ni mchoraji? Hiyo imekauka." Hata kidole hakuweka!

Kuifungua, gazeti limeganda kwenye tumbo la taa. Herufi zimehamia, zinasomeka kinyume, na nukta saba za njano zimeondoka na karatasi.

Bonyeza dole gumba penye nukta nene, kisha lizungushe kidogo. Rangi ikivutika, au harufu ya thina ikiwa bado kali, usikubali iviringishwe. Iache kwenye fremu yake wiki mbili, hata zaidi. Ikishakauka, rangi ikae upande wa nje, juu ya bomba la plastiki la inchi 4, na karatasi ya kuokea ndiyo iiguse, si gazeti wala nailoni. Ikiwa ndani hubanwa ikafanya makunyanzi. Na usiiache ndani ya gari juani, joto huilainisha upya.

Nilitaka kuandika msinunue Msasani kabisa. Lakini kona iliyosalimika ina pweza na changu wawili, na mstari mweusi wa ukingoni haukutetereka hata mahali pamoja. Msasani kilikuwa kijiji cha wavuvi, ngalawa bado zinalala mchangani jirani na mahoteli. Aliyemchora yule taa anamjua. Basi nunueni, mkono ule unastahili pesa.

Ila si duka lile. Nilipopiga simu wakaniambia, "Ulipokea ikiwa nzima," wakakata. Namtafuta mchoraji mwenyewe, nimlipe mkononi, na picha niibebe na fremu yake.