Nilisomea usaidizi wa daktari kwa miezi sita hapa Nairobi: uzoefu wangu

Tangazo lilikuwa kwenye nguzo ya stima karibu na steji ya Kencom: usaidizi wa daktari, miezi sita, D+ inatosha, kazi ipo. D+ ndiyo niliyopata KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne. Tena nilikuwa nimetoka kumuuguza shosho aliyepooza upande mmoja, mwaka mzima, kwa hiyo nilijiona nesi nusu tayari. Diploma ya maafisa wa kliniki pale KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, inataka C na miaka mitatu, na mimi sikuwa na hata kimoja. Nikapiga simu jioni hiyo hiyo.

Karo ilikuwa 48,000 kwa awamu tatu. Chuo kiko orofa ya nne, lifti imekufa, na chumba cha mazoezi kina vitanda viwili na sanamu ya plastiki isiyo na mkono wa kushoto. Tuliiita Mheshimiwa, kwa kuwa ililala siku nzima na kila mtu aliihudumia.

Kilichonifanya nisikimbie ni mwalimu mmoja, nesi mstaafu tuliyemwita Sista. Wengine walisoma noti nasi tukaandika, basi. Sista alifundisha kwa mikono. Kwa mfano kuhesabu pumzi: ukimwambia mgonjwa unahesabu anavyopumua, ataanza kupumua kwa adabu. Kwa hiyo ukimaliza kuhesabu mapigo ya moyo unaendelea kumshika kifundo cha mkono, kama bado uko hapo, kumbe macho yako kifuani, unahesabu kinavyopanda, dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia ni kati ya 12 na 20. Mpaka leo nikiwa kwenye matatu najikuta nahesabu kifua cha jirani.

Presha ndiyo ilinitoa jasho. Hatukuanza na mashine ya kujipima yenyewe. Tulitumia ile ya kupuliza kwa mkono, na stetoskopu masikioni. Unapandisha upepo, unauachia polepole, mdundo wa kwanza unaousikia ndiyo namba ya juu, na pale sauti inapopotea ndiyo ya chini. Siku moja mwenzangu alichelewa, akapanda ngazi zote mbio, nikamfunga mkanda juu ya sweta na kumpima hapo hapo: 158 kwa 96. Nikashtuka, nikamwita Sista. Akatuangalia wote wawili, akasema, "Mwanangu, umepima ngazi, hujapima mtu." Akamkalisha dakika tano, miguu chini, mgongo kwenye kiti, mkono wazi juu ya meza usawa wa moyo, bila porojo. Ikatoka 124 kwa 78. Kwa somo hilo peke yake silalamikii awamu ya kwanza ya karo.

Awamu ya tatu ndiyo nalalamikia. Tuliambiwa atachimenti, yaani mazoezi ya kazi kituoni, ipo ndani ya karo. Ilipofika wiki yenyewe, tukapewa barua tu, kila mtu ajitafutie. Nilizunguka Eastlands siku nne, Kayole, Umoja, Buruburu, mpaka nikapata nafasi kwenye kituo kimoja cha afya, na huko nikalipa 5,000 kutoka mfukoni.

Siku ya kwanza sista mkuu wa kituo alisoma barua yangu mara mbili. Akauliza, bila ubaya, niko chini ya baraza gani. Nesi ana Baraza la Wauguzi, afisa wa kliniki ana baraza lake, na mimi je? Nilikosa jibu. Akaniambia hapa kwetu hicho cheo cha kwenye barua hakina leseni. Zamani maafisa wa kliniki ndio walioitwa hivyo, siku hizi jina limebaki kwenye matangazo. Marekani ndiko hiyo ni kazi kamili ya kliniki: unapima presha, unaandika rekodi, unamwandaa mgonjwa kabla daktari hajaingia. "Wewe ni msaidizi wa kuhudumia wagonjwa," akasema, "na hatukosi kazi. Lakini sindano na dawa usiguse."

Wiki sita za atachimenti nikaogesha wagonjwa, nikabadilisha shuka mtu akiwa bado kitandani, nikatenga taka: pipa jeusi la kawaida, la njano la zenye maambukizi, sindano kwenye kisanduku chake, na kisijae kupita robo tatu.

Kazi nimepata, ila si kupitia chuo. Sista, yule mwalimu wangu, ndiye aliyenipigia. Namtunza mzee wa kiharusi South B. Kila saa mbili namgeuza ili asitoke vidonda vya kulalia, na naandika kwenye daftari: saa, upande, ngozi ilivyo. Juzi binti yake aliniletea sindano ya dawa ya maumivu, akasema, "Si wewe umesomea udaktari?" Nikamwambia nimesomea kumwona mapema anapobadilika, ya sindano tumwite nesi. Hakufurahi. Nesi alikuja saa kumi.

Ukitaka kujiunga, nenda kwanza usome sampuli ya cheti chenyewe, jina lililoandikwa pale, si lile la bango. Angalia kama chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya serikali ya vyuo vya ufundi, uliza atachimenti ni wapi na nani analipa, jibu liwe kwa maandishi. Na uombe kukaa darasani siku moja uone nani anafundisha.

Nyota tatu kati ya tano. Mbili na nusu ni za Sista, nusu ni ya Mheshimiwa. Cheti changu bado kiko ofisini kwao. Wanasema nina deni la 3,000 za joho la mahafali, na mahafali yenyewe sikuhudhuria.