MRI ya Tezi Dume Mjini Unguja: Kituo Kinachouliza Kabla ya Kupima

Mwezi uliopita nilimsindikiza ami yangu, mkaazi wa Wete, Pemba, mwenye umri wa miaka 71, kuja kupigwa MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) ya tezi dume katika kituo kimoja binafsi mjini Unguja, baada ya kipimo chake cha PSA, yaani kipimo cha damu cha tezi dume, kupanda mara mbili mfululizo.

Kilichonivutia zaidi si mashine. Kabla ami hajavua kanzu, mtaalamu alikaa naye karibu robo saa akimuuliza kama amewahi kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama ya tezi kwa ajili ya uchunguzi, na ni lini, kwa kuwa damu inayobakia baada ya hapo huweza kuichafua picha kwa wiki kadhaa, kama ana kifaa cha moyo, na kama figo zake ni nzima. Ami aliposema kwamba ana nyonga ya chuma upande wa kushoto, mtaalamu aliiweka kalamu chini, akampigia simu daktari wa picha, na mpango wote ukabadilika.

Kwa kawaida hupigwa picha za namna tatu: ya kwanza huonesha umbo la tezi, ya pili huonesha namna maji yanavyotembea ndani ya nyama yake, na ya tatu hufuata dawa ya gadoliniamu, ya kung'arisha picha, inayochomwa kwenye mshipa. Kwa anayepimwa mara ya kwanza, mbili za mwanzo mara nyingi hutosha. Utafiti wa kimataifa wa PRIME, uliochapishwa mwaka 2025, ulionesha kwamba kipimo kifupi kisicho na dawa hakipitwi na kile kirefu katika kugundua saratani zenye uzito, ilimradi picha ziwe safi. Bwana aliyetutangulia alitoka bila ya kuchomwa sindano. Lakini chuma cha nyonga huipinda ile picha ya pili, kwa hiyo ami alihitaji dawa, nayo hakupewa mpaka majibu ya kreatinini, kipimo cha damu kinachoonesha kazi ya figo, yalipotoka. Naamini hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa kila mahali.

Lawama yangu ni moja, na si ndogo. Tulipopiga simu kuweka miadi hatukuambiwa kwamba mgonjwa anatakiwa aende haja kabla ya kipimo, kwani hewa iliyomo kwenye utumbo wa nyuma nayo huharibu picha hiyo hiyo ya pili. Ikabidi apewe dawa ya kutoa choo pale pale, zamu yake ikasogezwa, na boti ya Pemba tukaikosa. Kwa mzee aliyesafiri na maumivu, hilo ni jambo zito.

Ripoti ilitolewa siku ya pili ikiwa na daraja la 4 kati ya 5 la PI-RADS, kipimo cha shaka ya saratani kwenye picha ambacho 5 ndiyo shaka kubwa kabisa. Daktari alituchorea tezi kwenye karatasi, akatia alama mahali penye shaka, kisha akaandika waziwazi ni upande gani chuma kiliipunguzia picha uhakika, ili atakayechukua kinyama asiupuuze.