Nimeosha injini ya Toyota IST yangu Nyakato, na koili hazikuingia maji

Wenye magari Mwanza mnaoogopa kuosha injini, hofu yenu ina sababu. Sehemu nyingi ukishafungua boneti tu, kijana anakuja na mashine ya presha, anamwaga maji toka juu kama anafua zulia, kesho yake gari inamisi (injini inakatakata) na taa ya injini imewaka. Mimi ningeendelea kukaa na uchafu wangu kama fundi asingesema hawezi kujua oili inavujia wapi, maana tope na oili vilikuwa vimegandana kila mahali. Vumbi la barabara zetu mnalijua.

Kaka yangu, dereva wa teksi, akanielekeza sehemu anayooshea yeye, huku Nyakato. Kilichonifanya niwaamini ni kwamba hawakukimbilia maji. Nilifika injini ikiwa ya moto. Kijana akasogeza kiganja karibu na eksozi, akasema, "Dada, hii bado. Kaa kivulini kwanza ipoe." Na alikuwa sahihi: maji baridi kwenye chuma cha moto yanaweza kukipasua, na dawa hukauka kabla haijasuuzwa, ikaacha madoa kwenye aluminiamu.

Ilipopoa akachomoa waya wa hasi wa betri, akakaza kifuniko cha oili, akahakikisha dipstiki imekaa vizuri. Kisha akaanza kufunika kwa nailoni: altaneta, boksi la fyuzi, mdomo wa kuvutia hewa. Kwenye koili, zile zinazopeleka umeme wa cheche kwenye plagi, ndipo alipokaa muda mrefu. IST koili zake zinakaa juu kabisa ya injini, kila moja imezama kwenye shimo la plagi. Maji yakiingia mle hayana pa kutokea, yanabaki yamezunguka plagi, na hapo ndipo gari inapoanza kutetemeka. Alizifunga moja moja, akavuta kila nailoni kuona kama imeshika.

Dawa yao ni ya kukata grisi, inayochanganywa na maji. Hawatumii petroli, ambayo cheche moja tu inatosha kuleta moto, wala dizeli, ambayo huharibu mipira na mkanda. Alipulizia kuanzia chini kwenda juu, akasugua kwa brashi ya mkono mrefu, akasuuza kwa mpira wa maji wa kawaida, maji ya taratibu. Rejeta aliipigia maji kutokea upande wa injini kwenda nje, na wale wadudu wa ziwani waliojazana kwenye mapezi yake, vile vibati vyembamba vya kupitisha hewa, wakatoka. Angetumia presha, mapezi yangelala na hewa isingepita.

Baada ya hapo kompresa: alipuliza kuzunguka kila koili na kila soketi, ndipo akarudisha waya wa betri, akawasha gari na kuliacha likiunguruma boneti ikiwa wazi. Silensa, yaani mngurumo wa gari likiwa limesimama, imetulia. Jioni ileile fundi akaona kilichokuwa kinafichwa: gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, imechoka.

Nilipenda pia kwamba maji machafu yanapita kwanza kwenye shimo la zege ambako oili huelea na kuchotwa. Kwa mji wetu hili ni kubwa. Mitaro yetu mingi inaishia Mto Mirongo, Mirongo unaingia ziwani, na maji ya bomba tunayokunywa yanavutwa kutoka ziwa hilohilo. Wanaoingiza magari ziwani kabisa kuyaosha wananiumiza sana. Sheria ya Mazingira ya 2004 haikukataza bure shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

Bei ni shilingi 15,000, juu kuliko kuosha gari zima, lakini kazi niliiona. Wananiudhi kwa mambo mawili. Foleni ya Jumamosi haina mpangilio, anayejuana nao anapitishwa. La pili, mwishoni wanataka kupaka mafuta ya kung'arisha injini. Nilikataa. Mafuta hayo hunasa vumbi upya, yakigusa mkanda unateleza, na ukianza uvujaji mwingine huwezi kuutofautisha.

Mkienda, nendeni asubuhi katikati ya wiki, gari likiwa limelala usiku kucha kama mnakaa jirani, na mafuta ya kung'arisha myakatae kabla hawajafungua boneti.