Kadi ya maktaba nimelipa, kitabu sijagusa

Nimelipa kadi ya mwaka mzima, nimepeleka na picha za paspoti, halafu naambiwa vitabu haviguswi! Chumba chenyewe cha kusomea kiko huku Ibanda, Bukavu. Jina silitaji, wenzangu tunaosomea Kiingereza wanakijua. Vitabu vipo, tena vizuri: riwaya, insha (hata za Achebe, mwandishi wa Nigeria), kamusi nene. Lakini vimefungiwa kwenye kabati la vioo, na ufunguo uko kwa papa mmoja, mzee wa maktaba, ambaye sijawahi kumwona akisimama.

Nilimsalimu kwa heshima. "Jambo Papa, naomba kile cha insha za Achebe." Hata macho hakuinua.

"Kile kinachafuka upesi. Ninyi wa Anglais muna simu, someni kwenye simu."

Mbele ya watu! Nikamuuliza, sasa kadi ni ya nini?

"Ya kuingia."

Ya kuingia! Yaani pesa yangu yote imenunua benchi.

Basi kwa hasira nikasoma kwenye simu kweli. Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni, haidai kadi wala picha: vitabu zaidi ya 70,000, unapakua mega za intaneti zikiwepo, na umeme ukikatika unaendelea kusoma mradi betri lina moto. Kwa upande wa kuandika, Purdue OWL, tovuti ya uandishi ya Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, imenifundisha kutaja vyanzo kwa mtindo wa MLA vizuri kuliko silabusi zote, vile vijitabu vya masomo, nilizouziwa. Nikawa tayari kuwaambia: achaneni na kile chumba, pesa yenu nunueni samaki wa sambaza.

Ila sasa. Gutenberg inafuata sheria ya hakimiliki ya Marekani, kwa hiyo karibu vyote ni vya zamani, vilivyoisha hakimiliki. Kisa cha Conrad cha 1899, Heart of Darkness, Mzungu akisimulia mto wetu wa Kongo na watu wetu anavyotaka yeye, kipo bure. Achebe, aliyemjibu kwa mhadhara mwaka 1975 kule Massachusetts, hayumo. Anayenidharau ninaye mfukoni, anayenitetea kafungiwa na papa!

Kwa hiyo msilipe. Lakini kama kazi yenu ya kumaliza masomo ni ya fasihi ya Afrika na hamna pa kuazima, haya, lipeni, ila mwende wengi. Mtu akiwa peke yake, yule papa anamjibu huku ameinamia gazeti.