Gazeti la Mwananchi na daftari la utabiri nyumbani kwetu Tanga: uzoefu wangu

Naandika tathmini hii kwa ajili ya mtu anayejiuliza kama ipo faida yoyote ya kununua gazeti la karatasi kila siku, ilhali matokeo ya mechi huonekana kwenye simu kabla wachezaji hawajaingia vyumbani kuvua jezi. Kwangu faida ipo, na naiona zaidi katika jambo ambalo wengi wamelikabidhi kwa kampuni za kubeti, yaani kutabiri matokeo ya michezo. Anayetaka kujua nani ameshinda jana hana haja ya gazeti. Anayetaka kukisia kwa akili nani atashinda Jumamosi analihitaji sana, hasa akilisoma lile lile mwaka hadi mwaka.

Gazeti la familia yetu hapa Ngamiani ni Mwananchi. Lilianza kuchapishwa mwaka 2000, na baba alilishika tangu siku za mwanzo, baada ya babu kuwa msomaji wa Uhuru kwa maisha yake yote ya utu uzima. Uaminifu wa namna hii si jambo geni mjini kwetu, kwa kuwa hapa Tanga ndipo gazeti la Kiswahili la Kiongozi lilipokuwa likichapwa enzi za Wajerumani, mwanzoni mwa karne ya 20, katika shule ya serikali. Majirani zetu ni watu wa Nipashe, na siku zote tumekuwa tukibadilishana nakala jioni, kila nyumba ikirudisha ya mwenzake bila kukatwa hata kona.

Nakala ikifika huanza kwa baba, kisha mama, kisha sisi, na hakuna anayeruhusiwa kuchana ukurasa kabla wote hawajasoma. Kurasa za michezo ndizo huchakaa mapema. Zamani baba alianzisha daftari ambalo kila mtu wa nyumbani huandika utabiri wake kabla ya mechi kuanza. Anayepata matokeo kamili, kwa mfano mbili kwa moja, hupewa pointi tatu, na anayepata mshindi tu au sare hupewa moja. Fedha haimo kabisa, kwa sababu mama alikataa tangu mwanzo, na ninaamini uamuzi wake ndio umelifanya daftari lile liendelee hadi leo.

Mchango mkubwa wa gazeti katika daftari hilo ni msimamo wa ligi. Simu pia inao, lakini ule wa simu hufutwa na mpya unaokuja, na wa wiki iliyopita hauonekani tena. Sisi huukata msimamo wa kila raundi na kuubandika. Ligi Kuu yetu ina timu 16, kila moja ikicheza mechi 30, na ukiwa na vipande hivyo mfululizo unaona kitu ambacho msimamo mmoja hauonyeshi: timu iliyo nafasi ya tano inaweza kuwa inapanda au inaporomoka, timu iliyo nyuma inaweza kuwa na viporo viwili mkononi, yaani mechi zilizoahirishwa ambazo bado haijazicheza, na mabao yanayofungwa nyumbani huwa mengi kuliko ya ugenini kwa karibu kila timu. Msimu wa 2023/24 vipande hivyo vilitufundisha kuheshimu safu ya tofauti ya mabao, maana Azam na Simba walimaliza wakiwa na pointi 69 kila mmoja, Azam akachukua nafasi ya pili na tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa tofauti hiyo tu. Nyuma yao katika nafasi ya nne walikuwa Wagosi wa Kaya wetu, Coastal Union, ambao kwa matokeo hayo walirudi kwenye mashindano ya Afrika. Mtu aliyekuwa akisoma habari za Coastal kila siku hakushangazwa na msimu ule, kwa kuwa kipa wao Ley Matampi ndiye aliyeongoza makipa wote wa ligi kwa mechi alizomaliza bila kuruhusu bao. Nyumbani kwetu tuliacha kuwapa Coastal mabao mawili na matatu, tukawa tunaandika moja kwa bila, au suluhu wanapokwenda ugenini, na pointi zikaanza kuingia.

Baada ya msimamo huja habari ndogo ndogo ambazo msomaji wa haraka huziruka. Mchezaji akifikisha idadi fulani ya kadi za njano atakosa mechi inayofuata. Timu iliyocheza Bukoba katikati ya wiki na inayotakiwa Mkwakwani, uwanja wetu wa hapa Tanga, mwishoni mwa wiki hiyo hiyo imepita njia ndefu, na miguu huyakumbuka yale masafa. Mama ndiye bingwa wa habari za namna hii. Wakati mmoja nilimpa mgeni ushindi mkubwa, naye akaniambia, "Mwanangu, timu hiyo imetoka safarini juzi tu, mabao matatu unaipa ya nini?" Mechi ile iliisha sare, na tangu siku ile husoma ratiba kabla sijasoma majina.

Jambo jingine linalopatikana kwa uaminifu pekee ni kuwajua waandishi. Ukisoma uchambuzi wa watu wale wale kwa miaka, unatambua nani hupenda mchezo wa kushambulia, nani huipa timu kongwe heshima kuliko inavyostahili msimu huo, na nani akiandika kwamba mechi itakuwa ngumu basi ni ngumu kweli. Anayerukaruka kutoka chanzo hiki kwenda kile hawezi kupima mizani ya yeyote. Naliona jambo hili kuwa muhimu kuliko ubora wa karatasi au wingi wa picha.

Mashindano makubwa huwa na raha yake. Fainali za Afrika zilizochezwa Côte d'Ivoire mwanzoni mwa 2024 tulizifuata kwa gazeti na kalamu, na jedwali la timu zilizoshika nafasi ya tatu katika makundi, ambazo nne bora kati yake zilisonga mbele, ndilo lililokuwa kipenzi cha baba. Wenyeji walifungwa mabao manne kwa bila na Guinea ya Ikweta, wakamfukuza kocha wao, Jean-Louis Gasset, na wakabaki na pointi tatu wakiomba matokeo ya kundi letu, kwa maana Taifa Stars walikuwa pamoja na Morocco, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Zambia wangepata hata sare dhidi ya Morocco, wenyeji wangetoka. Zambia walifungwa moja kwa bila, Côte d'Ivoire wakapenya, na chini ya kocha mpya, Emerse Faé, wakachukua kombe. Hakuna aliyeandika jambo hilo katika daftari letu, lakini wote tulilielewa lilivyotokea, na huko kuelewa ndiko ninakokulipia kila asubuhi.

Mipaka ya gazeti ipo, na mnunuzi anapaswa kuijua. Gazeti letu huchapwa Dar es Salaam na kusafirishwa kwa barabara kupitia Chalinze na Segera, hivyo mechi za Ulaya za usiku wa manane haziwezi kuwamo kwenye nakala ya asubuhi. Dabi ya Kariakoo, yaani mechi ya Simba na Yanga, iliyopangwa tarehe 8 Machi 2025 iliahirishwa siku yenyewe ya mechi, wakati magazeti yote yalikuwa yameshachapwa na kusomwa, na utabiri wetu ukabidi usubiri hadi Yanga waliposhinda mbili kwa bila tarehe 25 Juni. Dabi hiyo, kwa jumla, haina adabu kwa mtabiri yeyote. Simba walishinda tano kwa bila Mei 2012, Yanga wakalipa kwa tano kwa moja Novemba 2023, na hakuna msimamo wa ligi ambao ungekuonyesha tano katika siku yoyote kati ya hizo.

Nalinganisha na huduma nyingine, kwa kuwa tathmini bila kulinganisha haimsaidii mnunuzi. Binamu yangu alijiunga na kundi moja la simu linalouza mikeka ya kila siku, yaani orodha za mechi za kubetia ambazo lazima zote zitokee kama zilivyoandikwa, kwa madai ya mechi za uhakika. Alilipa, akapata ushindi mara chache za mwanzo, kisha akapoteza kila alichoweka. Ujanja wa makundi mengi ya aina hiyo si mgumu kuufahamu: kundi moja hutumiwa kwamba nyumbani atashinda, jingine sare, la tatu mgeni, na siku zote lipo kundi moja litakaloamini kwamba mwenye huduma ni nabii. Hata pasipo udanganyifu, hesabu yenyewe inakataa. Chukua mechi kumi ambazo kila moja una uhakika wa asilimia 70. Uwezekano wa zote kumi kutokea kama ulivyoandika haufiki asilimia tatu. Nilimwekea binamu hesabu hiyo kwenye daftari letu, na sasa anatabiri nasi kwa pointi. Mwezi uliopita alimshinda baba, na furaha yake ilikuwa kubwa kuliko siku yoyote aliyopata fedha.

Kwa mtu anayeishi peke yake na anayefuatilia ligi za Ulaya tu, simpendekezei gazeti la karatasi, kwa sababu atalipia kurasa nyingi asizozisoma na atapata matokeo yakiwa yamechelewa. Kwa nyumba yenye watu wanne au zaidi wanaofuatilia ligi ya nyumbani, nalipendekeza kwa moyo wote. Chagueni moja mlisome msimu mzima bila kuhama, mkubaliane na muuza magazeti wenu akuwekeeni nakala hata siku mnayochelewa, na msimamo wa kila raundi mkaukate na kuubandika pamoja na tarehe yake. Sisi tumeshaandaa daftari jipya la msimu ujao, na safari hii jirani wa Nipashe ameomba ukurasa wake.